Mipaka ya Wimbi: Upimaji wa Mawimbi ya Ubongo wa Binadamu Usingizini, 1929–1968

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna upimaji wa mawimbi ya ubongo wakati wa usingizi ulivyokua kati ya mwaka 1929, Hans Berger alipochapisha rekodi za kwanza za umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1968, ulipotolewa nchini Marekani mwongozo wa pamoja wa kusoma rekodi za usingizi. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni kwa nini watafiti waliorekodi usingizi wa usiku mzima katika miaka ya 1930 hawakuutambua usingizi wa mwendo wa kasi wa macho, ambao mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliutambua mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hoja inayojengwa ni kwamba sababu inayotajwa mara kwa mara, yaani gharama ya karatasi, haitoshi. Wimbi la ubongo likisomwa peke yake liliificha hali hiyo, na ilibidi waya upelekwe kwenye jicho, na baadaye kwenye msuli, ndipo usingizi uweze kugawanywa kama unavyogawanywa leo.

1.0 Utangulizi

Historia nyingi za sayansi ya usingizi hufuata mkondo mmoja. Inaelezwa kwamba kabla ya karne ya ishirini usingizi ulidhaniwa kuwa hali moja ya ubongo kupumzika. Kwamba Berger akagundua mawimbi. Kwamba mtambo wa kuyarekodi, yaani elektroensefalografu, ukaufunua usingizi hatua kwa hatua. Na kwamba hatimaye ndoto nazo zikapata alama yake kwenye karatasi. Mkondo huu una mantiki, na kila tukio linalotajwa ndani yake lilitokea kweli. Kasoro yake imo katika nafasi zilizopo kati ya tukio na tukio. Kutoka uainishaji wa kwanza wa hatua za usingizi, mwaka 1937, hadi chapisho la kwanza kuhusu mwendo wa macho usingizini, mwaka 1953, ni miaka kumi na sita. Katika muda huo mitambo ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na watu wenye afya walikubali kulala wakiwa wamebandikwa nyaya kichwani. Hali inayojirudia mara nne au tano kila usiku, kwa kila mtu mzima, ilipita chini ya kalamu za mitambo hiyo bila kutambuliwa.

Kimya hicho kinahitaji maelezo. Si jambo la kudadisi tu, kwa kuwa namna kinavyoelezwa huamua namna tunavyouelewa upimaji wenyewe. Tukisema kwamba kilichokosekana ni vifaa, basi mtambo bora ungetosha. Tukisema kwamba kilichokosekana ni swali, basi hata mtambo bora kuliko yote ungeendelea kuandika bila msomaji.

2.0 Kutoka fuvu lililofunguliwa hadi ngozi ya kichwa

Umeme wa ubongo ulijulikana kwa wanyama zamani kabla haujapimwa kwa binadamu. Mwaka 1875 Richard Caton, tabibu wa Liverpool, aliwaeleza wanachama wa Chama cha Madaktari cha Uingereza waliokutana Edinburgh kwamba alikuwa ameona mikondo ya umeme katika ubongo wa sungura na nyani baada ya kufungua mafuvu yao. Taarifa hiyo haikuvuta wengi. Adolf Beck wa Krakow alifikia matokeo yanayofanana mwaka 1890, kwa kiasi kikubwa bila kuijua kazi ya Caton, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Vladimir Pravdich-Neminsky alichapisha picha za mawimbi ya ubongo wa mbwa.

Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili huko Jena, Ujerumani, alianza na watu ambao mafuvu yao yalikuwa na matundu yaliyotokana na upasuaji. Rekodi yake ya kwanza iliyofaulu ilichukuliwa mwaka 1924. Alisubiri miaka mitano kabla ya kuchapisha, na kusubiri huko kunaeleweka: umeme unaofika kwenye ngozi ya kichwa hupimwa kwa makumi ya mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja, na kila mshtuko wa msuli, kila pigo la moyo, kila waya uliolegea ungeweza kutoa mchoro unaofanana na huo. Miongoni mwa waliopimwa ni mwanawe mwenyewe. Makala ya 1929 ilieleza aina mbili za mawimbi. Ya kwanza, aliyoyaita alfa, hujirudia takriban mara kumi kwa sekunde mtu anapotulia na kufumba macho, na hupungua anapoyafumbua. Ya pili, beta, ni madogo na ya haraka zaidi.

Inafaa kueleza kwamba Berger hakuwa akitafuta usingizi. Tangu ujana wake alishughulishwa na swali la nguvu ya nafsi: namna hali ya akilini inavyoweza kugeuka kuwa nguvu inayopimika, na hata kumfikia mtu mwingine aliye mbali. Swali hilo halikujibiwa na mtambo wake. Aidha, wasifu wake umepitiwa upya katika miaka ya karibuni. Maelezo ya zamani yalimchora kama mtu aliyeteswa na utawala wa Wanazi. Nyaraka zinaonyesha kwamba alihudumu katika mahakama ya rufaa ya Jena iliyoamua mashauri ya watu waliolazimishwa kufungwa kizazi. Jambo hili halibadilishi umbo la wimbi la alfa, lakini linaondoa uhalali wa ile picha ya mgunduzi mpweke asiye na doa ambayo vitabu vya kiada bado huitumia.

Wataalamu wa fiziolojia waliyapokea madai ya Berger kwa mashaka hadi mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipoyathibitisha na kuyaonyesha hadharani. Adrian, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel, alitumia kichwa chake mwenyewe. Baada ya hapo maabara zilizonunua au kuunda mitambo ya aina hiyo ziliongezeka haraka, hasa Marekani.

3.0 Nyumba ya Tuxedo Park na hatua tano

Uchunguzi wa kwanza wa kina wa mawimbi ya ubongo usingizini haukufanyika katika chuo kikuu. Alfred Lee Loomis alikuwa mwanasheria aliyetajirika katika biashara ya benki za uwekezaji, akaacha biashara na kujenga maabara binafsi huko Tuxedo Park, katika jimbo la New York. Akishirikiana na E. Newton Harvey wa Chuo Kikuu cha Princeton na Garret Hobart, alichapisha makala za kwanza mwaka 1935. Kifaa chake cha kuandikia kilikuwa silinda yenye urefu wa futi 8 hivi, iliyofungwa karatasi na kuzungushwa huku kalamu zikisogea taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, hivyo kwamba saa nyingi za usingizi ziliweza kuandikwa mfululizo.

Mwaka 1937 kundi hilo lilitoa uainishaji uliokuwa msingi wa kazi zote zilizofuata. Usingizi uligawanywa katika hatua tano zilizopewa herufi A hadi E. Katika hatua ya A mawimbi ya alfa bado yapo lakini yanakatikakatika. Katika B alfa imetoweka na mstari umekuwa karibu bapa, wenye mawimbi madogo. Katika C hujitokeza vifungu vifupi vya mawimbi ya takriban mara 14 kwa sekunde, vinene katikati na vyembamba kwenye ncha, ambavyo kwa umbo lake vilifananishwa na pia ya kusokotea uzi. Katika D vifungu hivyo huchanganyika na mawimbi makubwa ya polepole, na katika E mawimbi makubwa hutawala.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ngazi hii ina mwelekeo mmoja tu. Hatua zote tano zimepangwa kwa kina, kutoka usingizi mwepesi hadi mzito, na mpangilio huo haukutoka kwenye karatasi. Ulikuwa umekwishakuwamo katika lugha za watu. Kiswahili chenyewe kina lepe la usingizi, kina usingizi wa mang'amung'amu wa mtu ambaye bado anasikia sauti za barazani, na kina usingizi wa pono, unaomshinda hata anayeamsha kwa kutikisa. Maneno haya yanapanga usingizi kama kina cha maji: mtu huzama zaidi au kidogo. Hakuna miongoni mwake linalotaja hali ya tatu, ambayo si ya kuzama wala ya kuibuka. Kundi la Loomis liliipa ngazi hiyo herufi na vipimo, na huo ulikuwa mchango mkubwa. Lakini liliirithi pamoja na mipaka yake.

Katika ngazi ya namna hii, pindi mawimbi makubwa yanapotoweka katikati ya usiku na mstari kurudi kuwa bapa wenye mawimbi madogo ya haraka, msomaji ana njia moja tu ya kueleza kilichotokea: mwenye kulala amepanda juu, karibu na kuamka. Yamkini vipindi vyote vya usingizi wa mwendo wa kasi wa macho vilivyopita juu ya silinda ya Tuxedo Park vilisomwa kuwa hatua ya B. Havikukosekana kwenye rekodi. Viliandikwa, vikapewa jina lisilokuwa lake.

4.0 Hoja ya karatasi

Maelezo yanayotolewa mara nyingi, hata na baadhi ya waliokuwamo katika utafiti huo, ni kwamba watafiti wa awali hawakurekodi usiku mzima. Mtambo ulikula karatasi nyingi mno, kwa hiyo uliwashwa kwa dakika chache, ukazimwa, kisha ukawashwa tena baadaye. Hesabu inaunga mkono sehemu ya maelezo haya. Karatasi ikienda sentimita 3 kwa sekunde, kasi inayofaa kuyaona mawimbi kwa uwazi, usiku wa saa nane unahitaji mita 864 za karatasi. Zaidi ya hayo, lazima awepo mtu wa kukesha kando ya mtambo akiongeza wino na kurekebisha kalamu. Kwa maabara ya chuo kikuu katika miaka ya mdororo wa uchumi, kuchukua sampuli lilikuwa jambo la busara, hasa ikiwa imekwishaaminiwa kwamba saa ya tatu ya usingizi haina tofauti kubwa na saa ya sita.

Hata hivyo hoja hii haimgusi Loomis, aliyekuwa na fedha za kununua karatasi yoyote aliyoitaka na kifaa kilichoundwa mahsusi kwa rekodi ndefu. Wala haimgusi moja kwa moja Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kleitman alikuwa ameyatoa maisha yake yote ya kitaaluma kwa usingizi. Mwaka 1938 aliishi na msaidizi wake ndani ya pango la Mammoth, Kentucky, kwa siku 32, wakijaribu kuifuata siku ya saa 28 badala ya 24. Mwaka 1939, pamoja na wenzake Blake na Gerard wa chuo hicho hicho, alichapisha kazi kuhusu mawimbi ya ubongo usingizini. Mtambo, utaalamu na nia vilikuwa mahali pamoja, chini ya mtu yuleyule ambaye maabara yake ndiyo ingetoa ugunduzi wa 1953. Haukutokea mwaka 1939. Karatasi inaeleza kwa nini wengi hawakupata nafasi ya kuona. Haielezi kwa nini waliopata nafasi hawakuona.

Ni kweli pia kwamba vita viliingilia kati. Loomis aliacha usingizi na kuelekeza nguvu zake kwenye rada, na maabara ya Tuxedo Park ikafungwa. Lakini vita vilikatiza kazi iliyokuwa imekwishafikia uainishaji wake. Hakuna dalili katika makala za kundi hilo kwamba walikuwa karibu kuugawa usingizi kwa njia nyingine.

5.0 Jicho

Eugene Aserinsky alifika Chicago bila shahada ya kwanza na akakubaliwa kusoma uzamivu chini ya Kleitman. Kazi aliyopewa haikuonekana kuwa na matumaini makubwa: kuchunguza mwendo wa kope na macho ya watoto wachanga wanapolala. Kutokana na kazi hiyo alianza kuuliza kama macho ya watu wakubwa hutembea usingizini kwa mpango wowote. Mtafiti wa leo anayeandika tasnifu yake anaweza kupata faraja kidogo kwa kukumbuka kwamba mada hiyo ilichaguliwa na msimamizi wala si na mwanafunzi, na kwamba mwanafunzi hakuipenda mwanzoni.

Katika jengo la Abbott Hall aliupata mtambo wa zamani ulioachwa, wa aina ya Offner Dynograph, akautengeneza. Mnamo Desemba 1951 alimlaza mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 8, akambandika elektrodi kichwani na kando ya macho, na kuiacha karatasi iende. Usiku ulipoendelea, kalamu za macho zilianza kuruka kwa nguvu kana kwamba mtoto alikuwa ameamka na kutazama huku na huko. Aserinsky aliingia chumbani kumwangalia na kumkuta amelala fofofo. Shaka yake ya kwanza ilikuwa juu ya mtambo, si juu ya nadharia ya usingizi; mtambo mkuukuu ungeweza kutoa michoro ya uongo. Aliendelea kupima watu wengine, akaenda pia kuyatazama macho yenyewe yakicheza chini ya kope. Kleitman naye hakuridhika mpaka alipomleta binti yake mwenyewe apimwe na kujionea.

Namna waya wa jicho unavyofanya kazi inastahili kuelezwa, kwa sababu ndipo ulipo uzito wa hoja ya makala hii. Mboni ya jicho ina umeme wake: upande wa mbele ni chanya ukilinganishwa na upande wa nyuma. Jicho linapogeuka, elektrodi iliyo karibu huona mabadiliko makubwa kuliko mawimbi mengi ya ubongo. Kwa mtafiti wa mawimbi ya ubongo katika miaka ya 1930, mabadiliko hayo yalikuwa takataka. Yalichafua mistari ya sehemu ya mbele ya kichwa, na fundi mzuri alijitahidi kuyaepuka au kuyapuuza. Aserinsky, kwa kuwa alitumwa kutafuta macho, alitafuta kile ambacho wengine walifundishwa kukitupa.

Makala ya Aserinsky na Kleitman ilitoka katika jarida la Science mnamo Septemba 1953, nayo haikuzidi kurasa mbili. Ilieleza kwamba vipindi vya mwendo wa kasi wa macho hujirudia usiku, na kwamba huambatana na mabadiliko ya upumuaji na mapigo ya moyo. Watu walioamshwa wakati macho yakitembea walihojiwa mara 27, na mara 20 walisimulia ndoto zenye picha za wazi. Walioamshwa macho yakiwa yametulia walihojiwa mara 23, na mara 19 hawakukumbuka chochote. Idadi ni ndogo kwa vigezo vya sasa, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Mwaka huohuo Aserinsky alihitimu, akaondoka Chicago na kwenda kutafiti athari za umeme kwa samaki wa jamii ya samoni.

Aliyeendeleza kazi alikuwa William Dement, mwanafunzi wa udaktari wa tiba katika maabara ileile. Mwaka 1957 yeye na Kleitman walichapisha matokeo ya usiku 126 wa watu 33, na sasa karatasi iliachwa iende usiku mzima. Walionyesha kwamba usingizi hupita katika mizunguko ya takriban dakika 90, na kila mzunguko huishia kwa kipindi cha mwendo wa macho. Herufi za Loomis ziliachwa, zikachukuliwa nafasi na namba 1 hadi 4.

Makala hiyo ya 1957 ina ushahidi muhimu unaotajwa mara chache. Waandishi walipotazama mistari ya ubongo peke yake, kipindi cha mwendo wa macho kilifanana sana na hatua ya 1, ile ya kuanza kusinzia. Iliwalazimu kutenganisha hatua ya 1 ya kushuka na hatua ya 1 ya kupanda, na tofauti kati ya hizo mbili haikutegemea wimbi bali jicho, pamoja na mahali pa kipindi hicho katika usiku. Hata waliokuwa wamekwishakujua cha kutafuta hawakuweza kukitenga kwa wimbi pekee. Na bado walikiita usingizi mwepesi, ingawa waliona kwamba mwenye kulala katika kipindi hicho ni mgumu kuamshwa kwa sauti kuliko aliyeanza kusinzia. Ngazi ya kina iliendelea kuwashika.

6.0 Msuli

Waliokata kamba hiyo walikuwa Michel Jouvet na wenzake wa Lyon, Ufaransa, nao waliikata kwa kutumia paka. Waliweka elektrodi si kwenye ubongo tu bali pia kwenye misuli ya shingo. Mwaka 1959 waliripoti hali ambamo gamba la ubongo linatoa mawimbi ya haraka kama ya mnyama aliye macho, wakati misuli ya shingo imenyamaza kabisa, kimya kuliko katika usingizi wa kawaida. Ubongo ulisema mnyama yu macho. Msuli ulisema amelegea kuliko aliyelala. Jouvet aliuita usingizi huo kwa jina linaloweza kufasiriwa kuwa usingizi kinzani, na kuanzia hapo ikawa vigumu kuupanga kwenye ngazi ya wepesi na uzito. Mwaka 1961 Ralph Berger, ambaye asichanganywe na Berger wa Jena, alionyesha kutoka Edinburgh kwamba kwa binadamu pia misuli ya koo hulegea katika vipindi vya ndoto.

Ndani ya miaka kumi, basi, kipimo kilichoitwa cha mawimbi ya ubongo kilikuwa kimeongezewa viungo viwili visivyo ubongo. Kila nyongeza ilikuja kwa sababu wimbi lilikuwa limeshindwa kutofautisha.

7.0 Mwongozo wa 1968

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 kila maabara ilikuwa na desturi zake za kusoma. Utafiti wa Monroe, uliochapishwa mwaka 1969, ulionyesha kwamba wasomaji wa maabara tofauti waliopewa rekodi ileile hawakukubaliana kwa kiwango cha kuridhisha. Kamati iliyoongozwa na Allan Rechtschaffen na Anthony Kales ilitoa mwongozo mwaka 1968, na kwa karibu miaka arobaini hapakuwa na maabara ya usingizi iliyoweza kuupuuza.

Mwongozo huo uliitambua rasmi hali iliyoelezwa hapo juu. Rekodi kamili ilihitaji mstari wa ubongo, mistari miwili ya macho na mmoja wa msuli wa kidevu. Mpangilio wa elektrodi za macho ulikuwa wa werevu: moja juu kidogo ya kona ya jicho, nyingine chini kidogo ya kona ya jicho la pili, zote zikilinganishwa na sikio lilelile. Macho yakigeuka pamoja, kalamu mbili huachana, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Wimbi la ubongo likivuja hadi hapo, kalamu zote mbili huelekea upande mmoja. Msomaji aliweza kutofautisha jicho na ubongo kwa kutupa macho mara moja.

Vigezo vingine vilibeba alama ya vifaa vya wakati wake. Usiku ulikatwa katika vipande vya sekunde 20 au 30, kila kimoja kikapewa hatua moja tu. Kipande hicho hakina asili katika ubongo. Karatasi ikienda milimita 10 kwa sekunde, ukurasa wa sentimita 30 hubeba sekunde 30, na usiku wa saa nane huwa kurasa 960 ambazo mtu mmoja huzifunua kwa mkono. Karatasi imetoweka, kompyuta zimechukua nafasi, na mwongozo mpya wa mwaka 2007, ulioziunganisha hatua za 3 na 4 kuwa moja, umebakiza sekunde 30.

Kigezo cha wimbi la polepole kilikuwa na athari zaidi kwa watu. Wimbi lilihesabiwa iwapo tu kimo chake kilizidi mikrovolti 75. Kipande chenye mawimbi hayo kwa asilimia 20 hadi 50 kilikuwa hatua ya 3, na zaidi ya hapo hatua ya 4. Kwa kuwa mawimbi ya wazee huwa mafupi, mzee ambaye mawimbi yake ya polepole yalikuwa yaleyale kwa mwendo lakini yalifika mikrovolti 60 aliandikwa kuwa hana usingizi mzito. Sehemu ya upungufu wa usingizi wa uzeeni ni ya kweli. Sehemu nyingine ilizalishwa na mstari uliochorwa na kamati. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili ni kazi ambayo rekodi zilizokwisha kusomwa kwa kigezo hicho haziwezi kuifanya zenyewe.

8.0 Malale: jaribio la hoja

Upo ugonjwa mmoja ambao jina lake lilitolewa na jicho la mtazamaji kabla ya mtambo wowote, nao unaihusu Afrika Mashariki kwa uchungu. Malale iliua zaidi ya watu 250,000 nchini Uganda kati ya 1900 na 1920, hasa Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria. Ilikuwa Entebbe ambako Aldo Castellani, na kisha David Bruce mwaka 1903, walihusisha ugonjwa huo na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Waliouona mchana waliona watu wanaosinzia wakiwa wameketi, na jina likabaki: ugonjwa wa kulala.

Katika miaka ya 1990 Alain Buguet na wenzake waliwarekodi wagonjwa wa malale huko Ivory Coast na Kongo-Brazzaville kwa saa 24 mfululizo, wakitumia mistari ya ubongo, macho na kidevu. Matokeo yalikwenda kinyume na jina. Jumla ya usingizi wa wagonjwa haikuwa imeongezeka. Kilichovunjika kilikuwa mgawanyo wake: usingizi na kukesha vilitawanyika mchana na usiku, na kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali ndivyo mtawanyiko ulivyozidi. Wagonjwa hao walikuwa na aina ya gambiense, ambayo huenda polepole; aina ya rhodesiense ya Afrika Mashariki huua haraka zaidi, na matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwake bila tahadhari.

Dalili ya pili waliyoiona ndiyo inayorejesha hoja mahali ilipoanzia. Mtu mwenye afya huchukua zaidi ya saa moja ya usingizi kabla ya kuingia katika usingizi kinzani. Wagonjwa wengi wa malale waliuingia karibu mara tu walipolala, na dalili hiyo ilipungua baada ya matibabu, jambo lililoifanya iwe na manufaa kwa tabibu. Kwenye mstari wa ubongo peke yake, dakika hizo za mwanzo zina mawimbi madogo yasiyo na alfa. Msomaji wa mwaka 1937 angeziandika B, mtu anayeanza kusinzia kama kawaida, na angefunua ukurasa unaofuata.